Kugeuza mayai kila saa mbili bila kuisimamisha programu

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nipo Mtama, mkoani Lindi, nafuga kuku wa kienyeji. Nimetengeneza mashine ya kutotolesha vifaranga ya mayai 88 kwa kutumia bodi ndogo ya kompyuta ya Arduino Uno, sensa ya joto na unyevu ya DHT22, rilei mbili, yaani swichi zinazoendeshwa na bodi (moja ya balbu mbili za wati 60, nyingine ya mota ya kugeuza trei), kioo cha LCD na kitufe cha kunyamazisha kengele. Joto peke yake lilikuwa linakwenda vizuri, 37.5 bila shida. Tatizo limeanza nilipoongeza kugeuza mayai kila baada ya saa mbili. Niliweka delay(7200000) mwishoni mwa loop (sehemu ya programu inayojirudia), joto likapanda mpaka 41, balbu haizimi, na kitufe nikibonyeza hakisikii. Nikabadilisha nikaandika delay(2 * 60 * 60 * 1000), mambo yakawa mabaya zaidi: mota iligeuka mara moja nilipowasha, haikugeuka tena hata siku ya pili. Jamaa yangu wa Mtwara mjini ananiambia bodi ni dhaifu, ninunue ESP32. Mwingine anasema nitumie intarapti. Nifanyeje? Na huku umeme unakatika mara kwa mara, hilo nalo lina athari?

JIBU: Ndugu yangu, ahsante kwa kueleza kila kitu, hata namba ulizoandika ndani ya delay. Bila hizo ningekuwa napapasa gizani.

Unachotaka ni programu moja ishughulikie mambo matatu yenye mwendo tofauti: joto kila baada ya sekunde mbili, trei kila baada ya saa mbili, na kitufe wakati wowote kitakapobonyezwa. Uno inaiweza kazi hiyo na nguvu itabaki. Usinunue kitu bado.

Watu wengi hudhani delay ni kama kuweka kengele: "baada ya saa mbili fanya hili, kwa sasa endelea na mengine." Sivyo inavyofanya kazi. Ukiandika delay(7200000), prosesa inabaki palepale kwenye mstari huo ikihesabu milisekunde mpaka zitimie 7,200,000. Mistari ya juu yake haisomwi, ya chini yake haifikiwi. Sensa haiulizwi, kitufe hakitazamwi. Pini za rilei hubaki zilivyoachwa, na hapo ndipo mayai yalipoungua: balbu ilikuwa imewaka programu ilipoingia kwenye delay, ikabaki imewaka. Siku nyingine ingeganda ikiwa imezimika, na ungekuta mayai ya baridi. Kati ya hayo mawili, joto la kuzidi ndilo baya, kwa kuwa kiinitete huvumilia kupoa kwa muda mfupi vizuri zaidi kuliko kupashwa kupita kiasi. Mayai yaliyofika 41 usiyatupe, lakini usiyategemee sana. Yamulike kwa tochi gizani kuanzia siku ya 7 mpaka ya 10, utaona yapi yana mishipa ya damu na yapi yamekufa.

Jaribio lako la pili limekwama kwa sababu nyingine kabisa. Kwenye Uno, namba ya kawaida ya aina ya int ina biti 16 tu, yaani mwisho wake ni 32,767. Ulipoandika 2 * 60 * 60 * 1000, kila namba pale ni int, hivyo hesabu yote inafanyika ndani ya biti 16. Jibu sahihi, 7,200,000, halienei. Kinachobaki baada ya kumwagika ni -8,960. Kisha delay, ambayo haijui namba hasi, inaisoma kama 4,294,958,336. Hizo ni siku 49 na saa 17 hivi. Mota yako ingegeuka tena vifaranga wa majirani wakiwa wameshaota manyoya. Ile 7200000 ya kwanza ilifanya kazi kwa sababu ukiandika namba kubwa moja kwa moja, kompaila (programu inayotafsiri kodi yako kwa bodi) huona haienei kwenye int na kuipa nafasi ya biti 32 yenyewe. Dawa ni kuandika 7200000UL, au ukipenda kuzidisha, anza na 2UL * 60 * 60 * 1000. Hizo herufi UL humwambia kompaila atumie biti 32 tangu mwanzo. Halafu nenda kwenye mipangilio ya Arduino IDE uwashe maonyo yote ya kompaila. Kosa hili huwa inalitaja, ila maonyo kwa kawaida huwa yamezimwa.

Sasa njia yenyewe. Ndani ya Uno kuna kihesabio kinachohesabu milisekunde tangu bodi ilipowaka, na unakisoma kwa millis(). Chenyewe hakilii wala hakiiti mtu, kazi yake ni kukupa namba. Unachofanya ni kuandika mahali lini kazi ilifanyika mara ya mwisho, na kila loop inapopita unatoa: sasa kutoa mwisho. Tofauti ikifika muda uliopanga, unafanya kazi. Isipofika, unapita zako. Ni vile mpishi wa shughuli mwenye masufuria matatu jikoni anavyofanya: hasimami mbele ya wali mpaka uive, anatupa jicho kwenye kila sufuria na kuendelea.

Kwa mashine yako ingekuwa hivi:

const unsigned long KILA_JOTO = 2000UL;
const unsigned long KILA_GEUZA = 7200000UL;
const unsigned long MUDA_MOTA = 15000UL;

unsigned long mwishoJoto = 0;
unsigned long mwishoGeuza = 0;
unsigned long motaIlianza = 0;
bool motaInazunguka = false;

void loop() {
  unsigned long sasa = millis();

  if (sasa - mwishoJoto >= KILA_JOTO) {
    mwishoJoto = sasa;
    pimaNaRekebishaJoto();
  }

  if (!motaInazunguka && sasa - mwishoGeuza >= KILA_GEUZA) {
    mwishoGeuza = sasa;
    motaIlianza = sasa;
    motaInazunguka = true;
    washaMota();
  }

  if (motaInazunguka && sasa - motaIlianza >= MUDA_MOTA) {
    motaInazunguka = false;
    zimaMota();
  }

  angaliaKitufe();
}

Nimekadiria mota yako inahitaji sekunde 15 kulaza trei upande wa pili. Weka muda wake halisi. Angalia kwamba kuwasha mota na kuizima ni vipande viwili tofauti. Wengi huondoa delay ya saa mbili kisha wanaacha delay(15000) katikati ya kuwasha na kuzima, wakidhani sekunde 15 si kitu. Kwa joto pengine si kitu kweli, lakini kitufe kitakuwa kiziwi kwa sekunde hizo, na siku ukiongeza pampu ya maji ya unyevu utakuwa na delay mbili, kisha tatu. Kazi yoyote yenye mwanzo na mwisho ikate vipande, kisha weka alama ya kukumbuka imefika wapi. Hapa alama hiyo ni motaInazunguka.

Ndani ya pimaNaRekebishaJoto usiwashe na kuzima balbu kwenye namba moja ileile. Washa likishuka chini ya 37.3, zima likipita 37.7, katikati iache ilivyo. La sivyo rilei itakuwa inagonga kila sekunde mbili na haitadumu. Sekunde mbili nazo nimeziweka kwa sababu DHT22 haipendi kuulizwa haraka kuliko hapo. Na sensa ikikurudishia jibu lisilo namba (waya ukilegea hutokea), zima balbu na piga kengele. Usiiache programu ilinganishe kitu ambacho si namba na 37.7, maana jibu la ulinganisho huo siku zote ni "hapana", na balbu haitazimwa kamwe.

Kuna vitu viwili kwenye kodi hiyo vinavyoonekana vidogo ambavyo watu huvibadilisha kisha wanashangaa.

Cha kwanza ni hesabu ya kutoa. Utakutana na watu wanaoandika sasa >= mwishoGeuza + KILA_GEUZA. Kwa shule ya msingi ni kitu kilekile. Kwa namba za biti 32 sicho. Kihesabio cha millis hujaa kwenye 4,294,967,295 na kurudi sifuri baada ya siku 49 na saa 17. Tuseme trei imegeuzwa saa moja kabla ya kujaa. Ukijumlisha saa mbili, jumla inamwagika na kuwa namba ndogo, na sasa, ambayo bado ni kubwa, inaonekana imeshaipita. Sharti linakuwa kweli kila loop inapopita: mota ikimaliza sekunde 15 inaanza tena, mfululizo, mpaka kihesabio kirudi sifuri. Kwa muda wako hiyo yaweza kufika karibu saa mbili za trei kuyumba bila kupumzika. Ukitoa, hesabu inajirekebisha yenyewe: mwisho ukiwa 4,294,967,000 na sasa ikiwa 500 baada ya kurudi sifuri, jibu la unsigned long ni 796, na ndizo milisekunde halisi zilizopita. Lazima tu zote ziwe unsigned long. Ukiweka int au long mahali pamoja, kinga hiyo inapotea.

Utasema kundi la mayai ni siku 21, hizo 49 zinakuhusu nini. Ukiwa unaingiza mayai mapya kila wiki bila kuzima mashine, zitakufikia. Cha ajabu, umeme unaokatikakatika umekuwa ukikuficha kosa hili, kwa kuwa kila ukirudi kihesabio huanza upya. Siku utakapofunga betri na sola ndipo litakapojitokeza.

Si lazima usubiri siku 49 kupima. Tengeneza kipande kinachorudisha millis() + 4294900000UL, kitumie mahali pote pa millis, ipe mwishoJoto na mwishoGeuza namba hiyohiyo mwishoni mwa setup (sehemu inayoendeshwa mara moja bodi inapowaka), na kwa muda wa jaribio punguza saa mbili ziwe sekunde 20. Kihesabio kitajaa na kurudi sifuri baada ya sekunde 67 hivi, ukiwa umekaa hapo unatazama.

Cha pili: nimesoma millis mara moja juu ya loop na kutumia sasa ileile chini kote. Ukiandika motaIlianza = millis() pale kwenye kuwasha, hatari ni hii: kusoma sensa kumeshachukua milisekunde kadhaa, hivyo motaIlianza itakuwa kubwa kuliko sasa. Mstari unaofuata utatoa namba kubwa kutoka ndogo, jibu litakuwa zaidi ya bilioni nne, na mota itazimwa papo hapo. Utasikia rilei imegonga tak-tak na trei haijasogea, halafu utalaumu mota.

Tuje kwenye ushauri wa jamaa zako. ESP32 ni bodi nzuri, na kwa kuwa int yake ni biti 32, ile -8,960 isingetokea. Lakini delay ya saa mbili ndani ya loop ingeisimamisha loop hiyohiyo vilevile. Ingewezekana kuandika kazi mbili zinazojitegemea, maana ina mfumo wa kugawa muda, ila hapo unaingia kwenye matatizo ya kazi mbili kugombea kioo kimoja. Pia pini zake ni volti 3.3, na baadhi ya rilei za volti 5 huzikataa. Inunue siku utakapotaka kuiona mashine kwenye simu kwa Wi-Fi.

Intarapti, yaani ishara inayoikatiza programu ifanye kazi nyingine papo hapo, inafaa kwa mambo ya kasi: kuhesabu mapigo, kukamata kitu kinachotokea kwa mikrosekunde. Kwa saa mbili haikufai. Taima 1 ya Uno, hata ukiipunguza mwendo mpaka mwisho, hujaa baada ya sekunde 4.19, hivyo bado ungelazimika kuhesabu mizunguko. Na ukiwa ndani ya intarapti, millis haisogei, delay haifanyi kazi, na kioo chako cha LCD, kikiwa cha waya mbili za mawasiliano, kinaweza kukwama palepale.

Kuna njia ya mkato ambayo hujaitaja: kubaki na delay(2000) na kuhesabu mizunguko 3,600. Inafanya kazi. Muda utateleza kidogo na kitufe kitachelewa hadi sekunde mbili, lakini mayai hayajali. Na kuna nyingine isiyohitaji kodi kabisa, nayo ni kununua swichi ya saa ya kuchomeka ukutani, ukaiachia mota na Arduino ikabaki na joto tu. Kama una mayai yanayongoja wiki hii, mimi ningefanya hivyo kwanza, kisha nikaandika programu kwa utulivu. Hakikisha tu muda mfupi kabisa wa swichi hiyo unaendana na mota yako, kwani nyingi za mitambo haziendi chini ya dakika 15.

Kuhusu umeme, ndiyo, una athari, na ni kubwa kuliko unavyodhani. Kila unapokatika, mwishoGeuza inarudi sifuri na saa mbili zinaanza kuhesabiwa upya. Ukikatika kila baada ya saa moja na nusu, mayai hayatageuzwa siku nzima na programu haitakuwa na kosa lolote. Suluhisho rahisi ni kugeuza mara moja kila mashine inapowaka, kwa kuita washaMota mwishoni mwa setup na kuweka motaInazunguka iwe kweli, na motaIlianza na mwishoGeuza ziwe millis(). Kugeuza mara ya ziada hakudhuru. Kama unataka pia ikumbuke ni siku ya ngapi, ili iache kugeuza siku ya 18, utahitaji saa ya DS3231 yenye betri yake ya CR2032, kwa sababu millis haijui tarehe. Au zima mota kwa swichi ya mkono siku hiyo, ukaandika kwenye kalenda. Kanga na bata wana siku zao, usichanganye makundi.

Ukishaondoa delay zako, zilizojificha bado zipo ndani ya laibrari, yaani kodi zilizoandikwa na wengine unazozitumia. DHT22 hushika prosesa kwa milisekunde 5 hivi, haina neno. Ukibadilisha ukaweka sensa ya joto ya DS18B20, kumbuka kwamba ikiwa kwenye biti 12 inahitaji milisekunde 750 kupima, na laibrari yake kwa kawaida inasubiri hapo hapo. Iambie isisubiri kwa setWaitForConversion(false), agiza kipimo, kichukue loop ikipita baada ya muda huo. Serial.print kwa kasi ya 9600 ni kama milisekunde moja kwa kila herufi, na bafa yake (mahali herufi zinaposubiri kutumwa) ina nafasi 64 tu. Ukimwaga maelezo marefu kila loop, itaanza kukusubirisha. Kioo nacho kiandike mara moja kwa sekunde, kwa mtindo uleule wa kutoa. Kujua ukweli, pima: hifadhi tofauti ya millis kati ya loop moja na inayofuata, weka ile kubwa kuliko zote, uionyeshe kwenye kona ya LCD. Ikizidi 100, kuna kitu kinashika.

Weka pia kilinzi cha ndani cha bodi. wdt_enable(WDTO_8S) kwenye setup na wdt_reset() kwenye loop vitaiwasha bodi upya ikiganda kwa sekunde 8. Rilei ya mota inaweza kutoa kelele ya umeme inayogandisha mawasiliano ya LCD, na hapo ndipo utaishukuru. Kwenye bodi za Arduino Nano za zamani jihadhari, baadhi hunaswa zikijiwasha upya bila mwisho. Uno haina shida hiyo.

Lakini kilinzi hakitakusaidia rilei ikigandana mguso wake ikiwa imewaka. Programu itasema zima, na balbu itaendelea. Kwa hiyo funga themostati ya pembeni, isiyotegemea Arduino kwa lolote, kwenye waya uleule wa balbu, iliyowekwa ikate kwenye 38.5. Mchana wa joto wa Lindi mashine inapanda joto haraka kuliko usiku, kwa hiyo usibanie bei ya themostati hiyo.

Waya za volti 230 zinazoingia kwenye rilei mpe fundi umeme azikague kabla hujaweka mayai, hasa kama sanduku lina maji ya unyevu ndani na sehemu za chuma. Awekee fyuzi na waya wa ardhi. Ukishindwa kumpata Mtama, vituo vya VETA vya Lindi na Mtwara vina walimu wa fani ya umeme wa kuulizia. Ukiona rilei ina moto ukiigusa, harufu ya plastiki, au bodi inajiwasha upya kila mota inapoanza, acha kuhariri kodi, chomoa, peleka kwa mtu aitazame kwa macho. Na kama joto na kugeuza vimekaa sawa kwa kundi zima na bado vifaranga wanafia ndani ya ganda, hilo ni la afisa mifugo wa kata yako, aangalie mayai yenyewe, jogoo na lishe ya matetea.

Kabla ya yote hayo, iendeshe mashine saa 24 ikiwa tupu, na kipimajoto cha pili kikiwa usawa wa mayai, KILA_GEUZA ikiwa dakika tano. Katikati ya jaribio chomoa umeme mara mbili tatu, bonyeza kitufe wakati mota inazunguka, na legeza waya wa sensa uone kama balbu inazima.